Mtoto Tuliyemfukuza Jikoni

Jumamosi moja asubuhi mwanangu wa miaka 5 alikuwa amekaa mkekani uani, ameshika kikombe kipana chenye tui la nazi. Bibi yake akamwambia alimimine kwenye glasi ndefu, tuone limetosha kiasi gani. Akamimina polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, bila kumwaga hata tone. Tui likapanda hadi karibu na ukingo. Akaruka: "Baba, limeongezeka!"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama yangu akaniwahi. "Mwache kwanza. Alirudishe kikombeni." Akalirudisha, akakodoa macho. "Limepungua tena." Akamimina mara ya tatu, kisha ya nne, safari hizi bila kuambiwa na mtu, akichungulia ndani ya kikombe kila kilipobaki kitupu, kana kwamba kuna tui lililojificha chini.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alijipatia sifa kwa kuchunguza mambo ya namna hii. Mtoto wa miaka 4 au 5 hupima kwa jicho, na jicho lake hushika kimo peke yake. Kilichopanda juu kimekuwa kingi, basi. Kwa kawaida ni mpaka akaribie miaka 7 ndipo akili inapotulia na kukubali kwamba kilichobadilika ni chombo. Mwanangu hakuwa na kosa la kusahihishwa. Alikuwa katikati ya kazi, na kazi yenyewe ilitaka tui, kikombe, glasi na mtu mzima asiye na haraka.

Naandika haya kwa sababu nafasi ya namna hiyo inazidi kupotea katika nyumba zetu, hasa za mjini. Mtoto akisogea jikoni anasikia maneno mawili: "Utaungua" na "Nenda kasome". La kwanza lina haki yake, nami nitalirudia. La pili ndilo linaloniuma. Tunamtoa jikoni ili akasome, na jikoni ndiko somo lilikokuwa. Gari la shule linampitia kabla jua halijachomoza, jioni anarudi na kuingia tuisheni, na Jumamosi anapewa pesa akanunue maandazi kwa jirani au pakiti ya biskuti dukani. Kila siku anakula vitu asivyojua vilikuwa nini kabla havijafika kwenye sahani.

Hamu yenyewe anayo, hafundishwi na mtu. Pita mtaa wowote utawakuta watoto wanajipikilisha. Vifuu vya nazi ndiyo masufuria, mchanga ndiyo mchele, majani ya mwembe ndiyo mboga. Mmoja anakoroga, mwingine anaonja, wa tatu anagombezwa kwa kuchelewa kuja kula. Watoto hao wametuambia wazi wanachotaka kujifunza. Sisi tunawatazama, tunatabasamu, halafu tunawaita ndani wakamalize zoezi la hesabu lenye picha za vikombe.

Nyumbani kwetu tulianza na vitumbua, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kuvipika. Nimekulia Tanga, nimevila tangu nikiwa mdogo kabisa, lakini nilikuwa mtoto wa kiume na jikoni sikuitwa. Mama alipokuja kukaa nasi Dar es Salaam, tukawa wanafunzi watatu: mimi, mwanangu, na binti wa dada yangu mwenye miaka 8 anayeishi kwetu.

Kitumbua kina kitu ambacho biskuti ya dukani haina: kinamfundisha mtoto kungoja. Mchele unalowekwa usiku, unalala ndani ya maji. Mwanangu naye alilala nao kichwani, na alfajiri alikuwa wa kwanza kufunua kawa. Akachukua punje kavu kutoka kwenye ndoo ya mchele na punje iliyolala majini, akaziuma moja baada ya nyingine. "Hii imekunywa," akasema. Sikuwa na neno bora kuliko hilo la kumpa.

Ikafuata nazi. Kukuna kwenye mbuzi alikuna mama, maana meno ya mbuzi hayajui mtoto, lakini kukamua waliachiwa wao. Tui la kwanza, kasimele, linatoka zito na vidole vinateleza. La pili linatoka jepesi kama maji ya kuoshea. Tuliacha glasi moja ya tui kwenye kivuli wakati tukisaga mchele, na tuliporudi binti akaona tabaka mbili, zito juu na jepesi chini. Akauliza kwa nini kizito kinaelea. Swali hilo lilinishughulisha kuliko nilivyotegemea, kwa sababu tunaita tui zito kile ambacho, ukikilinganisha na maji, ni chepesi. Kimejaa mafuta, na mafuta hupanda juu ya maji. Neno letu la jikoni lina maana ya kushikamana na mkono, halina maana ya mizani. Tulifika hapo pamoja, baada ya kubishana.

Jumamosi iliyofuata yeye huyo huyo akataka kujua kwa nini hamira isitiwe maji ya moto ili uji uumuke upesi. Tukachukua mabakuli matatu. La kwanza maji ya baridi, la pili maji vuguvugu, la tatu maji yaliyotoka kuchemka, ambayo niliyamimina mimi. Kila bakuli likapata kijiko kimoja cha hamira na kimoja cha sukari, na kabla ya kutazama kila mmoja akasema anachotegemea. Binti alisema la moto litashinda. Mwanangu alichagua la baridi kwa kuwa lilikuwa karibu naye. Baada ya robo saa hivi, bakuli la vuguvugu lilikuwa limevaa povu, la baridi lilikuwa na vipovu vya kuhesabika, na la moto lilikuwa limebaki maji ya rangi ya udongo. Hamira ni kuvu hai. Inakula sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo ikinaswa ndani ya uji ndiyo inayochimba vile vishimo unavyoviona ukikata kitumbua. Joto likifika nyuzi 60 hivi, inakufa. Binti alilitazama bakuli la tatu kwa kitambo, kisha akasema taratibu, "Tumeiua." Miezi imepita na bado anapima maji kwa kidole kabla ya kuyatia hamira.

Hesabu za sehemu zinawatoa jasho watoto wengi, na walimu wanalijua hilo. Chukua donge la maandazi, lisukume liwe duara, ulikate kwa kisu mara mbili, wima na mlalo. Mtoto anaona robo 4 zikitoka kwenye kitu kimoja, kila robo na pembe zake anazozijua tangu azaliwe. Kata tena kila robo katikati. Sasa ana vipande 8, na hapo anagundua kwa uchungu kwamba 8 ni kubwa kuliko 4 ilhali andazi lake limepungua. Ukifika ubaoni na kuandika moja ya nane ni ndogo kuliko moja ya nne, unamkumbusha jambo lililompata.

Kisha kuna lugha, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hasara yake haisemwi sana. Mama yangu hatumii neno moja la kuchanganya vitu. Unga wa maandazi unakandwa. Ugali unasongwa. Uji unakorogwa. Mayai yanapigwa. Mchele unapepetwa kwa ungo, unga unachekechwa, nazi inakunwa na kukamuliwa, tui linachujwa, iliki inatwangwa, donge linasukumwa, kisha linafunikwa liumuke. Binti wa dada yangu, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, alikuja mkekani na neno moja kwa kazi zote hizo: kumiksi. Alikuwa na neno moja kwa sababu hakuwahi kuwa na mikono ndani ya kazi hizo. Siku alipokoroga unga wa maandazi kwa mwiko na mwiko ukagoma, mama akamwambia, "Huo haukorogwi, hukandwa," akamwonyesha kuulemea kwa kiganja. Tofauti ya maneno ikamwingia kwa njia ya mkono. Kamusi ingempa maana, lakini isingempa ule uzito.

Ndivyo ilivyo hata kwa methali. Tunawaambia watoto haba na haba hujaza kibaba, na wengi wao hawajui kibaba ni nini. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, kwa hiyo pishi moja ina vibaba 4. Waislamu wa pwani bado wanalisikia neno pishi kila Ramadhani inapokwisha na zakatul-fitri inapotolewa. Sisi tuliteua kikopo kimoja kiwe kibaba cha nyumba, na binti akakijaza mchele kwa kijiko huku akihesabu. Vilikuwa vijiko 43. Alipofika cha ishirini alichoka akataka kumimina tu kutoka kwenye ndoo, mwanangu akakataa katakata.

Hata hivyo, kama jikoni kungekuwa na hesabu, sayansi na msamiati peke yake, ningeweza kununua vitabu vya mazoezi na kuishia hapo. Jumamosi ya kwanza kabisa nilikosea hapo hapo. Niliugeuza mkeka kuwa darasa. Hivi ni vikombe vingapi? Iliki ina rangi gani? Neno nazi linaanza na herufi gani? Mwanangu alijibu maswali manne, akainuka, akaenda kucheza mpira. Mama hakunilaumu. Alichota uji wa vitumbua kwa ncha ya kijiko, akamwita, akamwonjesha. "Onja, mwanangu. Vinataka nini?"

Mtoto akatafuna hewa, akafikiri, uso mzito. "Iliki."

Mama akaongeza iliki kidogo, akaonja mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Mpira ukasahaulika.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Maswali yangu yote yalikuwa na majibu niliyokuwa nayo tayari, na mtoto wa miaka 5 analijua hilo, anajua anapimwa. Swali la mama halikuwa na jibu mpaka mtoto alitoe, na jibu lake lilibadilisha chakula ambacho nyumba nzima ingekula. Mtoto anapata wapi tena nafasi kama hiyo? Darasani mwalimu ana watoto wengi na mtihani mbele yake. Kwenye katuni hakuna anayemngoja aseme. Jikoni, uji wa vitumbua unamngoja kweli, na akikosea, tutakula vyenye iliki nyingi na yeye atajua ni mkono wake. Ndiyo maana nasema vitafunwa vyenyewe ni kisingizio kizuri tu cha kukaa na mtoto mbele ya jambo ambalo wote wawili hatujui litakavyokuwa.

Mtafiti wa Marekani, Barbara Rogoff, alitumia miaka mingi kufuatilia watoto wa Kimaya, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati, huko San Pedro, Guatemala, na kueleza jinsi wanavyojifunza kwa kuwapo, kutazama kwa makini na kuingizwa taratibu katika kazi za kweli za watu wazima. Ukisoma maelezo hayo unaona ua wa bibi yako. Maria Montessori naye, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wadogo kazi za kumimina, kufuta na kuandaa meza. Leo shule zinazofuata mfumo wake zipo Dar es Salaam na Nairobi, na wazazi tunalipa ada ili mtoto afundishwe kumimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine. Sina ugomvi na shule hizo. Najiuliza tu tulikuwa wapi nyumbani.

Swali hilo halihusu wenye uwezo pekee. Tathmini za mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kenya, Tanzania na Uganda, ziliwafuata watoto majumbani na kuonyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba wengi walio darasa la tatu hawawezi kazi ya darasa la pili. Tangu hapo mitaala imebadilishwa. Kenya iliingiza mtaala wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, kwa madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019, na wazazi wengi wakalalamikia kazi za nyumbani na gharama za vifaa. Tanzania nayo ilianza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, neno kuu likiwa umahiri. Naunga mkono nia. Lakini umahiri ukiletwa nyumbani kwa sura ya karatasi ya manila na gundi ya kununua, mzazi wa kipato kidogo anaona mzigo mwingine. Kikopo, mchele, maji, karanga za kuchambua, hivyo anavyo. Kuchambua karanga kwenyewe ni somo kubwa, la kupanga makundi na la afya pia. Mtoto anayeweza kuitenga punje iliyokunjamana au yenye ukungu anaisaidia nyumba kujikinga na sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Sasa lile neno la kwanza, "utaungua". Mzazi anayelisema hajakosea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 katika kanda ya Afrika hufa kwa kuungua kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenzao duniani, na watoto wengi huungulia nyumbani. Jiko la mkaa linakaa chini, usawa wa goti la mtoto. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake unayumba ukisukumwa. Kwa hiyo sisi tuligawa kazi za vitumbua sehemu mbili, za baridi na za moto. Kuosha, kuloweka, kukamua, kupima, kuonja na kuhesabu ni za watoto. Moto, mafuta na shira ni vya mtu mzima, na shira naitaja kwa makusudi, maana sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi. Chaki tuliwapa watoto wenyewe wachore mstari kwenye sakafu ya ua, hatua tatu kutoka jikoni. Mstari waliouchora wao wanaulinda kuliko amri yangu. Na endapo ajali itatokea, ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwenye jeraha kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, kisha hospitali.

Nimeulizwa pia, na mtu mzima ninayemheshimu, mtoto wa kiume anatafuta nini jikoni. Nilimkumbusha pilau ya harusi za kwetu. Nani husimama usiku kucha na mwiko mrefu kwenye masufuria yale makubwa? Wanaume. Nani anakaanga chipsi mayai mitaani mpaka saa sita za usiku? Vijana wa kiume. Hatukatai mwanamume apike, tunakataa apike nyumbani kwake, kwa watu wake. Mimi nilifika utu uzima bila kujua kuumua unga, na sikupata sifa yoyote kwa kutojua huko.

Upande wa pili kuna mtoto wa kike ambaye hahitaji makala hii kumwingiza jikoni, kwa sababu hajawahi kutolewa. Ana miaka 9, anapikia nyumba nzima peke yake, mdogo wake mgongoni, daftari halijafunguliwa. Huyo tusimtaje kama mfano wa kujifunza kwa vitendo. Anayepika peke yake kwa kulazimika anafanya kazi ya mtu mzima. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye na kumuuliza vinataka nini, na mwenye nguvu ya kusogeza sufuria. Nikiambiwa nichague nyumba ya kuanzia, ningeanza kwake, kwa kumpunguzia.

Jumamosi iliyopita chuma chetu, chenye matundu saba, kilijaa mara tatu, na uji wa mwisho ukatosha viwili. Vitumbua 23, watu 5. Binti akagawa: vinne vinne, vimebaki vitatu. Mwanangu akapendekeza vitatu hivyo vipelekwe kwa jirani. Mama akatikisa kichwa. "Vitatu havipelekwi kwa watu." Ukawa mjadala mrefu, na mwishoni kila mmoja akarudisha kimoja, mwanangu akiwa wa mwisho na kwa masikitiko. Sahani ikaenda na vitumbua vinane chini ya kawa.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Jumatatu jioni ilirudi na maembe matatu. Binti aliyapanga mezani, akayatazama, akatuhesabu kwa kidole mmoja mmoja. Akasema tukikata nusu nusu tunapata sita na sisi ni watano, kwa hiyo kuna nusu moja ya kuzozania. Akachukua embe moja, akalipima mkononi, akasita na kisu.

"Mjomba," akaniita, "na kokwa liko nusu ipi?"